Kuchagua pikapu ya kambi za wikendi na ya kuvuta trela: mwongozo kamili kwa mtu wa Lubumbashi

Mtu akitaka pikapu hapa Lubumbashi, swali la kwanza huwa "Hilux ama Land Cruiser?" na la pili huwa bei. Gari likishafika nyumbani ndipo anapokumbuka hema, maji, jenereta, watoto, na ile boti ya alumini ambayo shemeji aliahidi kuitoa. Mimi nashauri upange kinyume: andika kwanza utabeba nini, utavuta nini na utapita wapi, halafu gari liwe la mwisho kuchaguliwa. Mwongozo huu unafuata mpango huo. Hatua ya mzigo ni ndefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo watu wanairuka na ndiyo inayovunja springi.

Hatua ya 1: Amua unakwenda wapi na msimu gani

Kambi za watu wa hapa ni za aina tatu hivi. Kuna zile za karibu, mashamba na mabwawa ya kuzunguka mji na upande wa Kipushi, ambako gari lolote lenye afya linafika. Kuna upande wa Likasi, lami ya kilomita 120 hivi, kisha unaiacha kuelekea Mwadingusha na ziwa Tshangalele kwa barabara ya udongo. Halafu kuna safari za kweli: uwanda wa juu wa Kundelungu na maporomoko ya Lofoi, ambayo maji yake yanaanguka zaidi ya mita 300, au Kasenga kwenye mto Luapula, au mbali zaidi hadi Pweto kwenye ziwa Mweru.

Mvua zetu ni za Novemba hadi Aprili. Njia inayopitika bila wasiwasi mwezi wa Agosti inaweza kukulaza mwezi wa Februari pale inapokata dembo, yaani bonde tambarare linalojaa maji msimu wa mvua, penye ule udongo mweusi unaonata hadi tairi linageuka mpira laini usio na meno. Kwa hiyo jibu kwa ukweli: utapiga kambi msimu wa mvua? Kama kambi zako zote ni za kiangazi, nusu ya vifaa utakavyouziwa huvihitaji, na hata pikapu ya 4x4 inaweza kuwa anasa kwa mtu ambaye haendi mbali kuliko Kipushi. Kama unataka Lofoi ikiwa imejaa maji, lazima uende mvua zikiwa bado zinanyesha au zimetoka kuisha, na hapo 4x4 haina mjadala. Kwa hifadhi za Kundelungu na Upemba, ulizia ruhusa na hali ya usalama kwa watu wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, kabla ya kupakia chochote.

Jambo moja watu hawaliwazi: Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kundelungu inapanda zaidi. Injini isiyo na tabo (turbo, pampu inayoishindilia injini hewa) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Kwa hiyo hata kabla hujatoka mjini umeshapoteza kama asilimia 12 ya kilichoandikwa kwenye karatasi za kiwanda. Injini yenye tabo haiumii hivyo.

Hatua ya 2: Hesabu mzigo kwa kilo

Tafuta kibati cha uzito. Kwa kawaida kiko kwenye nguzo ya mlango wa mbele au chini ya boneti. Kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, namba hufuatana hivi: uzito wa juu wa gari likiwa limejaa, uzito wa juu wa gari pamoja na trela, kisha ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele, kisha ekseli ya nyuma. Chukua namba ya kwanza, toa uzito wa gari likiwa tupu. Kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kubeba, watu wakiwemo.

Pikapu nyingi za kabini mbili zinabakiwa na kilo 800 hadi 1,000. Muuzaji atakwambia "tani moja, papa, unaweka hata ng'ombe". Haya, tuchukue gari lenye kilo 900 tulipakie kama familia inavyopakia. Baba, mama na vijana wawili: 300. Kava la chuma la nyuma: 80. Hema la juu ya gari: 60. Bampa ya chuma ya mbele, ile inayofanya gari lionekane la mwanamume: 50. Friji ndogo ya volti 12 na betri yake: 45. Maji lita 60: kilo 60. Madumu mawili ya mazutu (dizeli) ya lita 20: kama 40 pamoja na madumu yenyewe. Jeki, kamba, sepetu na boksi la spana: 40. Sufuria, unga, nyama, meza na viti: 50. Tumefika 725 na trela hatujaifunga. Trela ya kilo 1,200 iliyopakiwa vizuri inalalia ndoano ya kuvutia kwa kilo 120 hivi, na hizo ni mzigo wa gari. Jumla 845.

Zimebaki 55. Ukisimama njiani kununua gunia la makaa, kama tufanyavyo sote tukirudi mjini, umeshakwisha.

Angalia pia mzigo unakaa wapi. Kilo 120 zinazoning'inia kwenye ndoano, nyuma kabisa ya ekseli, zinailemea ekseli ya nyuma kwa zaidi ya kilo 120, kwa sababu zinainua pua ya gari kidogo. Ndiyo maana unaweza kuwa ndani ya kikomo cha gari zima na bado umevuka kikomo cha ekseli ya nyuma. Dalili unaziona mwenyewe usiku: taa zinamulika matawi badala ya barabara, na usukani unakuwa mwepesi kupita kawaida. Maji, betri na boksi la spana viwekwe sehemu ya mbele ya sanduku la mizigo la pikapu, vikigusa ukuta wa kabini, na chini kadiri inavyowezekana. Vyepesi kama magodoro na nguo ndivyo vikae nyuma.

Hema la juu lina hesabu yake. Kikomo cha paa au cha kava ni cha gari likitembea, na mara nyingi hakizidi kilo 75 hadi 100. Watu wawili kulala juu wakati gari limesimama ni jambo jingine, vyuma vinavumilia zaidi. Ukiwa na kava la plastiki lisilo na fremu ndani, weka hema chini, ulale chini. Hakuna aibu.

Kuna mizani za malori kwenye bohari za nafaka na za vyuma chakavu. Kabla ya safari ya kwanza ndefu, omba kupima gari na trela, kwanza tupu kisha vikiwa vimepakiwa, watu wakiwa ndani. Ni pesa kidogo, na mabishano yote yanaisha.

Hatua ya 3: Ijue trela kabla ya gari

Namba inayotangazwa sana, kilo 3,500 za kuvuta, isomwe pamoja na ile namba ya pili ya kibati. Tuseme gari na trela kwa pamoja hazitakiwi kuzidi kilo 6,000, na gari lako likiwa limejaa ni 3,200. Trela iliyobaki ni 2,800. Zile 3,500 ni za gari lisilo na kitu ndani. Kwa mtu wa kambi, gari haliko tupu hata siku moja.

Habari njema ni kwamba wengi wetu hatuvuti uzito huo. Boti ndogo ya alumini na injini yake, juu ya trela nyepesi, mara nyingi haifiki kilo 800. Trela ya sanduku yenye jenereta, meza, maji na vitu vya watu kumi inaweza kufika 1,200 au 1,500. Ukijikuta kwenye kundi hili, karibu pikapu zote za mazutu zitakufaa na huna sababu ya kulipia gari kubwa.

Cha kuangalia zaidi ni breki. Nchi nyingi zinaweka kikomo cha kilo 750 kwa trela isiyo na breki zake, na hata pale ambapo hakuna anayekuuliza, sheria za uzito hazibadiliki unapoteremka mlima karibu na Likasi huku lori lililojaa shaba liko mbele yako. Trela nyingi zinazochomelewa mjini hutumia ekseli ya gari la zamani na hazina breki kabisa. Ikizidi kilo 750 ikiwa imejaa, dai breki au tafuta nyingine.

Ukinunua au kuchomelesha trela, taka magurudumu yafanane na ya pikapu yako, ili tairi moja la akiba litumike kwa vyote viwili. Hilux ya 4x4 ina nati 6 kwa kila gurudumu, na duara linalopita katikati ya nati hizo lina kipenyo cha milimita 139.7. L200 ya Mitsubishi, Ranger ya Ford na D-Max ya Isuzu nazo hutumia kipimo hicho, ingawa tundu la katikati ya rimu linaweza kutofautiana. Land Cruiser 79 ina nati 5, duara la milimita 150. Hapa ndipo utajua kwa nini nilisema trela kwanza: mwenye trela nzuri ya nati 6 anayehamia Land Cruiser anarudi kubeba akiba mbili.

Tufe la ndoano nalo lina vipimo viwili vinavyofanana kwa macho: milimita 50, na la Kimarekani la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8. Kikombe cha trela cha milimita 50 hakifungi sawasawa juu ya tufe la inchi 2, na kikombe cha inchi 2 hucheza juu ya lile dogo. Mlio wa "ko-ko-ko" kila ukivuka tuta mara nyingi unatoka hapo. Pima kwa kipimo cha fundi.

Hatua ya 4: Injini, na mafuta utakayoyapata

Kwa kuvuta, mazutu inaishinda esansi (petroli), kwa sababu nguvu yake ya kusukuma inapatikana injini ikizunguka polepole. Hilux ya esansi ya lita 2.7, ambayo huletwa sana kutoka Ghuba, ni gari tulivu na rahisi kulitunza. Ila mpe trela ya tani moja na mwinuko, itapiga kelele na kunywa. Kama huvuti kitu zaidi ya boti mara chache kwa mwaka, inatosha. Zaidi ya hapo, mazutu.

Ndani ya mazutu kuna njia panda. Upande mmoja kuna injini za mekaniki, ambazo mfano wake mkubwa ni 1HZ ya Land Cruiser: lita 4.2, silinda 6, haina tabo, nguvu za farasi 130 hivi na msukumo wa Nm 285 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha). Ni nzito kupanda, na mwinuko wetu unaipunguza zaidi. Lakini fundi wa Likasi au wa Kasenga anaifungua akiwa na spana na akili yake tu. Upande wa pili kuna injini za elektroniki zenye tabo, kama ile ya lita 2.8 ya Hilux za kuanzia 2015, yenye Nm 450 na baadaye 500 kwa ujazo mdogo zaidi. Kwa kuvuta, tofauti ni ya mbingu na ardhi. Kwa mafuta machafu pia, ila kwa upande mbaya.

Sindano za injini za elektroniki zina matundu madogo mno na hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana. Maji kidogo au vumbi lililoingia kwenye mapipa ya kando ya barabara linatosha kuziua. Magari mapya zaidi ya soko la Ulaya yana pia kichujio cha masizi kwenye egzosi, ambacho kinataka mazutu yenye salfa kidogo na safari ndefu za kujichomea masizi. Ukilitumia gari hilo kupeleka watoto shule wiki nzima na kulijaza mazutu ya chupa, litakuwashia taa ya njano. Ushauri wangu: ukichagua elektroniki, tafuta iliyotengenezwa kwa soko la Afrika au la Ghuba isiyo na kichujio hicho, ongeza filta ya pili yenye kikombe cha kutenganisha maji, na ujaze tangi mjini kwenye kituo chenye wateja wengi. Tangi la Hilux ni lita 80. Ukivuta, matumizi yanapanda kwa theluthi moja au zaidi, kwa hiyo fanya hesabu ya kwenda na kurudi kabla ya kutegemea madumu ya njiani.

Gia za mkono au otomatiki? Otomatiki ya kisasa inavuta vizuri na haichomi klachi, mradi mafuta yake yana rejeta yake na yanabadilishwa. Ya mkono inatengenezeka popote. Chagua kwa kuangalia umbali wa kambi zako kutoka kwa fundi.

Hatua ya 5: Usukani, kabini, 4x4

Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo usukani sahihi ni wa kushoto. Mji wetu lakini uko jirani na Zambia, wanakoendesha kushoto, na magari ya usukani wa kulia kutoka Japani na Afrika Kusini yamejaa na bei yake inavutia. Kwa kuzunguka mjini utazoea. Kwa kuvuta trela kwenye barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, sikushauri. Hebu fikiria: mbele yako lori la tela mbili linakwenda kilomita 40 kwa saa, wewe umekaa upande wa mtaro, huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lako iwe imeshatoka upande wa pili, na nyuma unaburuta mita nne za trela zinazohitaji muda kurudi kwenye mstari. Abiria anakwambia "njoo, njoo!" na uhai wa familia uko kwenye macho yake. Kabla ya kulipa, ulizia pia masharti ya sasa ya kuandikisha usukani wa kulia na ya umri wa gari linaloingizwa nchini. Ulizia kwa wakala wa forodha, si kwa muuzaji.

Kabini mbili ni kwa familia, na sanduku lake ni la mita moja na nusu hivi. Kabini moja lina sanduku refu, na kwa watu wawili wanaokwenda kuvua ndilo linalolala vizuri zaidi: godoro ndani, turubai juu, basi. Kabini moja na nusu ni ya watu wasioamua.

Kwa 4x4, ujue kwamba pikapu nyingi hazitakiwi kuendeshwa kwa magurudumu yote manne juu ya lami kavu, kwa sababu ekseli mbili zinabanana kwenye kona. L200 zenye mfumo wa Super Select zina difu ya katikati (gia zinazoruhusu ekseli mbili zizunguke kwa kasi tofauti), kwa hiyo zinaweza kuweka magurudumu manne hata juu ya lami iliyolowa, na kwa mvutaji wa trela hiyo ni faida ambayo haitajwi vya kutosha. Gia nzito za chini ni za lazima, utazitumia kuteremka na trela na kuitoa boti majini. Kufuli la difu ya nyuma ni la thamani kuliko taa zote za kufunga juu ya paa.

Hatua ya 6: Majina, kwa ufupi

Familia ya watu wanne au watano, trela isiyozidi tani moja na nusu, kambi za Tshangalele na Lofoi: Hilux ya kabini mbili yenye mazutu ya tabo, usukani wa kushoto. Si kwa sababu ni tamu kuendesha, kwani nyuma inarusha ikiwa tupu. Ni kwa sababu vipuri vyake viko kila duka na siku ya kuiuza utapata mteja kabla hujaiosha.

Anayevuta tani mbili na zaidi, au anayekwenda Pweto mvua ikinyesha: Land Cruiser 79. Ukimudu yenye tabo, chukua. Ukichukua ya 1HZ, kubali kwamba malori yatakupita mlimani, na ulizia mkanda wa timing ulibadilishwa lini, kwani unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. D-Max ya lita 3.0 ni chaguo ambalo watu wanalidharau bure, ina injini ngumu na bei ya chini kuliko Hilux. Ranger ya lita 3.2 inavuta kwa raha kuliko zote za kundi lake kwa maoni yangu, na Nm zake 470 unazisikia, ila waya na kompyuta zake zinataka fundi mwenye mashine ya kusoma. L200 ni ya mwenye mfuko mdogo anayepakia kwa kiasi. Pikapu za Marekani kama Tundra na F-150 zina usukani tunaoutaka na nguvu ya kutosha, lakini ni pana kwa njia za msituni na nyingi ni za esansi. Utaijutia bili ya kituo cha mafuta kabla ya kuijutia bei.

Hatua ya 7: Kagua gari lililotumika

Pikapu nyingi zinazouzwa hapa zimetoka kazini kwenye migodi. Mwenye nalo hatakwambia, lakini gari lenyewe litasema. Chungulia ubavuni: gundi ya mikanda inayong'aa huacha mstari ambao polishi haiufuti. Tafuta matundu yaliyozibwa kwenye bampa au kwenye sanduku, palipokuwa na ule mlingoti wa bendera ambao magari ya mgodini hufungwa. Vuta kiti cha mbele hadi mwisho, pitisha kidole ndani ya reli yake. Vumbi jekundu lililoganda na grisi humo halioshwi na mtu wa kuosha gari. Gari la mgodi si lazima liwe baya, mengine yalihudumiwa kwa ratiba kali kuliko ya raia. Tatizo ni kwamba limekaa likinguruma saa nyingi bila kutembea, kwa hiyo kilomita 120,000 za dashibodi haziielezi injini.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Weka kiganja juu ya boneti, na ukilikuta lina joto, rudi kesho. Liwashwe mbele yako. Moshi mweupe unaoendelea baada ya dakika kadhaa, au wa buluu, ni maneno. Fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka na ukilaze juu ya tundu lake bila kukifunga: kikirukaruka na moshi ukitoka kwa mapigo, pistoni zimechoka. Fungua boksi la filta ya hewa na upanguse upande wa ndani, ule wa kuelekea injini, kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka chekundu, injini imekula vumbi, na hilo halina dawa ya bei rahisi.

Halafu lala chini na tochi. Fuata chasisi kutoka nyuma ya kabini hadi mwisho, hasa pale springi za majani zinaposhikwa. Mzigo uliozidi hupasua hapo na juu ya ekseli. Unachotafuta ni ufa mwembamba wenye mstari wa kutu, rangi mpya mahali pamoja tu, au alama ya kuchomelea. Gonga kwa kipande cha chuma, sauti ikibadilika simama hapo. Kama kuna ndoano, angalia imefungwa wapi. Ya kuaminika imefungwa kwa bolti pande zote mbili za chasisi. Iliyochomelewa kwenye bampa ni pambo, iondoe.

Sasa majaribio, na hapa usikubali kuzungushwa mtaani kwa dakika tano. Omba kupakia mifuko kumi ya saruji. Ni kilo 500 kamili, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi atakukodisha kwa saa moja ukimwachia dhamana. Panda mwinuko, simama katikati, ondoa tena. Klachi iliyokwisha itanuka hapo hapo. Teremka kwa gia ya pili bila breki usikilize giaboksi. Weka gia nzito za chini, uende mbele na nyuma kwenye udongo. Mfumo wa 4x4 ambao haujawashwa miaka mingi mara nyingi hukwama, na muuzaji atasema "iko vile tu, papa, inazoea". Haizoei.

Mwisho linganisha namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma na ya karte roze (kadi ya kuandikisha gari), herufi kwa herufi, na uone karatasi za forodha. Kama una mpango wa kuvuka Kasumbalesa kwenda kupiga kambi Zambia, utahitaji pia bima ya kadi ya njano ya COMESA, umoja wa biashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika.

Hatua ya 8: Livalishe kidogo

Usinyanyue gari kwanza. Springi za nyuma zenye nguvu zaidi zinasaidia zisizame, lakini haziongezi namba ya kibati, na gari lililonyanyuliwa sana likivuta huyumba. Badilisha shokapu zote nne kwa pamoja, kisha pesa nyingi ipeleke kwenye matairi.

Chagua tairi lenye namba ya uwezo inayotosha: 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450. Rimu ya inchi 16 ina tairi nene zaidi ubavuni na ni rahisi kupata njiani kuliko 18. Soma tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mfano 2321, ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi "jipya" la miaka saba lililokaa juani dukani si jipya. Ukivuta, nyuma jaza bari 3 au karibu na hapo kulingana na kibati cha gari. Ukiingia kwenye udongo wenye mawimbi, shusha hadi 2 na upunguze mwendo. Kwa mchanga wa kando ya Luapula shuka hadi 1.5, na uwe na pampu ya kurudishia.

Betri ya pili ni ya friji, isiwe na ruhusa ya kuinyonya ile ya kuwashia gari. Friji ndogo inakula Ah (ampea-saa, kipimo cha umeme wa betri) 30 hadi 50 kwa siku. Betri ya risasi ya Ah 100 itumie nusu tu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo usiku mmoja na mchana wake unatosha, zaidi ya hapo funga sola.

Safari ya kwanza yenye trela iwe fupi: nenda Kipushi na kurudi, ukiwa umepakia kila kitu kama unakwenda Lofoi. Theluthi mbili za mzigo wa trela zikae mbele ya ekseli yake au juu yake. Ikianza kuchezesha mkia, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki za gari wala usijaribu kuinyoosha. Ikitulia, simama uhamishie mzigo mbele zaidi. Ukifika Kipushi, shuka uguse kikombe cha kila gurudumu la trela kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi yake imekazwa mno au haina grisi. Kisha kaza nati zote upya, kwa sababu nati za trela iliyotoka kuchomelewa hulegea kwenye kilomita hamsini za mwanzo.